Leakey wa Kiganjo na nishani iliyokuja baada ya kifo

NYERI ni mji uliozoea kutajwa pamoja na majina makubwa. Hapo ndipo alipozikwa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha skauti duniani, mnamo 1941. Kutoka vijiji vya eneo hilo walichipuka Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, Mwai Kibaki, Rais wa tatu wa Kenya, na Profesa Wangari Maathai, mwanamke wa kwanza Mwafrika kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu kwamba nishani kuu kuliko zote za ushujaa vitani katika himaya ya Uingereza, Victoria Cross, ilimwendea mzaliwa wa Kiganjo, kilomita chache tu kutoka mjini humo.

Jina lake ni Nigel Gray Leakey, sajini wa jeshi la King's African Rifles, lile ambalo wazee wetu waliliita Keya. Aliuawa nchini Ethiopia mnamo 19 Mei 1941, akiwa na umri wa miaka 28. Ujasiri wake siku hiyo hauna mwenye kuutilia shaka. Lakini ukikisoma kisa chake chote, utaona pia namna himaya za Ulaya zilivyopima ushujaa kwa mizani mbili, na namna ugomvi wa ardhi ya Mlima Kenya ulivyomfika baba yake mzazi miaka 13 baadaye.

Leakey alizaliwa 1 Januari 1913. Baba yake, Gray Arundel Leakey, alikuwa mlowezi mkulima, na mama yake aliitwa Elizabeth. Ukoo wao ndio huohuo wa Dkt Louis Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale aliyezaliwa Kabete mwaka 1903 na kupata sifa kote duniani kwa uvumbuzi wake wa masalia ya binadamu wa kale. Gray na Louis walikuwa mabinamu.

Nigel alipozaliwa, utawala wa Kiingereza mjini Nyeri ulikuwa na umri wa takriban miaka kumi tu. Kambi ya kwanza ilijengwa mwishoni mwa mwaka 1902 na Richard Meinertzhagen, afisa wa Keya, baada ya kikosi chake kuwashinda kwa bunduki wapiganaji wa Tetu waliokuwa na mikuki na ngao. Kilichofuata kinajulikana. Sehemu kubwa ya nchi iliyo kati ya Mlima Kenya na Nyandarua iligawiwa walowezi, nao wenyeji wakasukumwa kwenye maeneo waliyotengewa au wakabaki kama maskwota katika mashamba ambayo wazazi wao walikuwa wakiyahesabu kuwa yao.

Gray hakuwa miongoni mwa walowezi waliojitenga kabisa na majirani zao. Alikijua Kikikuyu kwa ufasaha, na wenyeji walimpachika jina la Murungaru, kwa maana ya mtu mrefu aliyenyooka. Nigel, mdogo wake Rea na dada yao Agnes walilelewa katika mazingira hayo, wakisikia lugha mbili na kuuona mlima kila alfajiri. Mama yao alifariki watoto wakiwa hawajakomaa. Nigel alisomea Uingereza, lakini nyumbani kwake kulibaki kuwa Kenya.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilianza Septemba 1939, na mnamo 10 Juni 1940 Italia ikajiunga upande wa Ujerumani. Hapo vita vikafika mlangoni mwa Kenya, kwa kuwa Waitaliano waliitawala Ethiopia tangu walipoivamia mwaka 1935, pamoja na Eritrea na sehemu kubwa ya Somalia. Vijana walimiminika kambini, wengine kwa hiari, wengine kwa kusukumwa na machifu. Kabla ya vita kwisha, Kenya pekee ilikuwa imetoa zaidi ya Waafrika 90,000. Leakey naye alijiunga na Keya na kufikia cheo cha sajini.

Batalioni aliyotumikia, iliyojulikana kama 1/6 KAR, ilikuwa na historia ya pekee. Kikosi cha sita cha Keya kilikuwa cha Tanganyika. Kiliundwa mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, na miongoni mwa askari wake wa mwanzo walikuwamo Waafrika waliokuwa wamelitumikia jeshi la Wajerumani kabla ya kutekwa. Watu walewale waliokuwa wakipiga saluti kwa Kijerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck waligeuka kuwa msingi wa kikosi cha Mwingereza. Baada ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, kikosi hicho ndicho kilichozaa Tanganyika Rifles.

Mwanzoni mwa mwaka 1941 majeshi ya Uingereza yalivuka mpaka kutoka Kenya na kuingia Somalia, kisha yakapanda kuelekea Ethiopia. Addis Ababa ilitekwa 6 Aprili, na Mfalme Haile Selassie akarejea katika mji wake mkuu mnamo 5 Mei, miaka mitano kamili tangu Waitaliano walipouingia. Lakini vita havikuwa vimekwisha. Kusini mwa nchi, katika eneo la maziwa na mabonde, vikosi vya Waitaliano vilikuwa vingali na silaha na ari ya kupigana.

Mnamo 19 Mei kombania mbili za 1/6 zilivuka Mto Bilate kwa ghafla mahali paitwapo Colito, mji unaojulikana leo kama Halaba Kulito. Ng'ambo ya mto zilijipatia kipande kidogo cha ardhi, ila hazikuwa na mizinga ya kuzilinda. Adui alitambua udhaifu huo. Vifaru vilichomoka kichakani vikifuatwa na askari wa miguu, na baadhi yake vikazunguka hadi nyuma ya askari wa Keya. Mwenye bunduki akikabiliana na kifaru katika uwanja wazi ni kama mwenye fimbo akikabiliana na nyati. Kila dalili ilionyesha kwamba waliovuka wangesagwa au kurudishwa mtoni.

Vifaru viwili vilikuwa vikija kwa nyuma. Kimoja kilizimwa kwa risasi za bunduki maalumu ya kupigia vifaru. Cha pili kilikuwa kimekaribia mno. Leakey alikirukia kikiwa kinakwenda, huku risasi zikipita kila upande, akaufungua kwa nguvu mfuniko wa juu na kuingiza bastola ndani. Alimuua kamanda wa kifaru na wenzake wote isipokuwa dereva, ambaye alimlazimisha kukiendesha kifaru hicho hadi mahali pa kujificha. Kisha akajaribu kuutumia mzinga wake dhidi ya wenyewe, lakini ukakataa kufyatuka.

Mtu mwingine angeridhika na hapo. Leakey alishuka na kuvifuata kwa miguu vifaru vingine vilivyokuwa vikiwaua wenzake. Hakwenda peke yake. Aliandamana na sajini meja wa kombania, Mwafrika, pamoja na askari wengine wawili. Wanne hao waliviotea vifaru vile kama wawindaji. Viwili vilipita. Leakey akakirukia cha tatu, akafungua mfuniko na kumuua mmoja wa waliokuwamo, na hapo kifaru cha nne kikammiminia risasi za bombomu na kumwangusha.

Mashambulizi ya adui yalivunjika. Askari waliokuwa karibu kukata tamaa waliiona kazi ile kwa macho yao, wakapigana kwa nguvu mpya, na mwishowe Waitaliano wakarudi nyuma. Makamanda wa Leakey walihitimisha kwamba kutekwa kwa kifaru kile kuliokoa hali iliyokuwa imefikia ukingoni. Mwili wa Leakey haukupata kaburi linalojulikana hadi leo.

Nishani yake ilichukua muda mrefu kuja. Ilitangazwa katika gazeti rasmi la serikali ya Uingereza mnamo 15 Novemba 1945, miaka minne na nusu baada ya kifo chake, vita vikiwa vimekwisha kote duniani.

Victoria Cross ilianzishwa na Malkia Victoria Januari 1856, wakati wa vita vya Crimea. Ni msalaba mdogo wa shaba nyeusi wenye utepe mwekundu uliokoza, ambao kwa mapokeo husemwa kuwa hutengenezwa kwa madini ya mizinga iliyotekwa vitani. Thamani yake haimo katika madini. Imo katika sharti lake kwamba cheo na nasaba visihesabiwe, kinachotazamwa ni kitendo mbele ya adui.

Wazo hilo halikuanzia Uingereza. Wajerumani walilitangulia kwa zaidi ya miaka 40. Mnamo Machi 1813, Prussia ikiwa katika vita vya kujikomboa kutoka kwa Napoleon, Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu alianzisha Msalaba wa Chuma. Aliuchagua uwe wa chuma, si dhahabu, kwa kuwa nchi ilikuwa imefilisika na raia walikuwa wakitoa vito vyao kugharimia vita. Ulikuwa wa kila mwanajeshi, kuanzia jenerali hadi askari wa kawaida. Kabla yake nishani kubwa ya Prussia ilikuwa Pour le Mérite, iliyoanzishwa mwaka 1740 na Mfalme Friedrich wa Pili, na hiyo ilikuwa ya maafisa. Ndiyo aliyotunukiwa von Lettow-Vorbeck mwaka 1916, akiwa bado anawasumbua Waingereza katika misitu ya Tanganyika.

Kwenye karatasi, basi, himaya zote mbili zilikuwa zimekubali kwamba ushujaa hauna tabaka. Katika makoloni mambo yalikuwa tofauti.

Wajerumani waliwatengea askari wao Waafrika nishani nyingine, ya daraja la chini, iliyoitwa nishani ya mpiganaji. Jeshi la von Lettow-Vorbeck lilikuwa la Waafrika kwa sehemu kubwa, nao ndio waliotembea naye kutoka Kilimanjaro hadi Msumbiji na kurudi, mpaka aliposalimisha silaha mjini Abercorn mnamo 25 Novemba 1918. Utukufu ulikwenda kwa jenerali. Mmoja wa waliomtumikia akiwa mtoto, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejulikana kama Bayume Mohamed Husen, alihamia Berlin mwaka 1929 na kufundisha Kiswahili huko. Mwaka 1934 aliomba nishani ya heshima waliyokuwa wakipewa wapiganaji wa Vita Kuu ya Kwanza, akakataliwa. Alikufa 24 Novemba 1944 katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, alikofungwa na utawala wa Hitler.

Waingereza nao walikuwa na mpango unaofanana na huo. Kwa askari wa Keya na wenzao wa Afrika Magharibi walitengeneza toleo la Kiafrika la nishani ya DCM, lililoendelea kutolewa hadi mwaka 1942. Mwafrika aliyetenda ushujaa mkubwa angeweza kutarajia hiyo. Katika historia yote ya Keya, kuanzia 1902 hadi uhuru, hakuna askari wake Mwafrika aliyetunukiwa Victoria Cross.

Ndiyo maana mstari mmoja katika taarifa rasmi ya nishani ya Leakey unastahili kusomwa kwa makini. Unamtaja sajini meja Mwafrika na askari wawili waliokwenda naye kuviotea vifaru. Walipita kwenye uwanja uleule, chini ya risasi zilezile, tena kwa miguu. Unataja cheo cha mmoja na idadi ya wengine, kisha unaendelea. Majina yao hayamo.

Siku zilezile ambazo Leakey aliuawa, mamia ya kilomita kaskazini, Mwitaliano mmoja alikuwa akisalimisha jeshi lake. Huyo ni Amedeo wa Savoia, Mtawala wa Aosta, aliyekuwa mwakilishi wa mfalme wa Italia nchini Ethiopia. Alizingirwa katika mlima wa Amba Alagi, na maji na dawa zilipokwisha akakubali kushindwa. Serikali yake ilimtunuku nishani ya dhahabu ya ushujaa wa kijeshi, iliyo kubwa kuliko zote nchini mwake. Waingereza walimleta Kenya kama mfungwa wa vita, na akafariki jijini Nairobi mnamo 3 Machi 1942.

Mabaki yake yako Nyeri, katika kanisa la ukumbusho la Waitaliano huko Mathari, pamoja na ya mamia ya askari wake waliofia katika kambi za wafungwa. Kwa hivyo mji wa Nyeri unamhifadhi kamanda wa upande ulioshindwa katika kaburi lenye heshima zote, ilhali mwana wa Kiganjo aliyekufa akipigana na jeshi lake amelala pasipojulikana huko Ethiopia.

Vita vilipokwisha, askari walirudi nyumbani. Hapa pia mizani ilikuwa mbili. Serikali ya kikoloni iliandaa mpango wa kuwagawia mashamba wanajeshi wa kizungu waliotaka kuishi Kenya. Mwafrika aliyerudi kutoka Ethiopia au Burma alikuta kipande cha baba yake kimepungua, kipande mkononi kingali kinadaiwa, na kazi ni ya kibarua. Miongoni mwa waliorudi ni Waruhiu Itote wa Nyeri, aliyepigana Burma akiwa na Keya. Watu hao walikuwa wameona mzungu akifa kwa risasi kama mtu mwingine yeyote. Itote aliingia msituni na kuwa Jenerali China, akiwaongoza wapiganaji wa Mau Mau katika eneo la Mlima Kenya hadi alipokamatwa Januari 1954.

Serikali ilitangaza hali ya hatari mnamo 20 Oktoba 1952. Gray Leakey, aliyekuwa ameoa tena baada ya kufiwa, aliendelea kuishi shambani kwake. Mnamo Oktoba 1954 kundi la wapiganaji lilivamia nyumba hiyo. Mkewe, Mary, aliuawa papo hapo, na binti wa kambo akanusurika kwa kujificha darini. Gray alichukuliwa hadi kwenye miteremko ya mlima na kuzikwa akiwa hai. Ilibainika baadaye kwamba kulikuwa na utabiri uliodai kafara ya mzungu mwema ili vita vigeuke. Sifa yake ya kuwa rafiki wa watu ndiyo iliyomponza.

Mauaji hayo yaliwatikisa walowezi na kuwapa wakuu wa serikali sababu nyingine ya kukaza kamba. Nayo kamba ilikuwa tayari imekazwa mno. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa wakati wa hali ya hatari, na maelfu kwa maelfu wakafungiwa katika kambi na vijiji vya kuzungushiwa waya. Kimathi alikamatwa 21 Oktoba 1956 katika kaunti hiyohiyo ya Nyeri, akanyongwa 18 Februari 1957. Serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia waathiriwa zaidi ya 5,000 wa mateso hayo mwaka 2013, miaka 50 baada ya Kenya kupata uhuru.

Katika familia ya Leakey, kila mmoja aliubeba msiba kwa njia yake. Rea, mdogo wake Nigel, alikuwa mwanajeshi wa vifaru, akapanda hadi cheo cha meja jenerali katika jeshi la Uingereza na kufariki mwaka 1999. Agnes, aliyeolewa na raia wa Afrika Kusini na kujulikana kama Agnes Hofmeyr, alichagua njia ngumu zaidi. Alikuwa amepoteza kaka katika vita vya himaya na baba katika vita dhidi ya himaya. Badala ya kudai kisasi, alijitolea kwa kazi ya upatanisho kati ya weusi na weupe barani Afrika. Miaka baadaye alikutana na mtu aliyemweleza kwamba alikuwa katika kamati iliyoamua baba yake auawe. Wawili hao walifanya kazi ya upatanisho pamoja. Agnes aliaga dunia mwaka 2006.

Mtu anaweza kuuliza ni nafasi gani Nigel Leakey anayostahili katika kumbukumbu ya nchi iliyo huru. Alikuwa mwana wa mlowezi, na sare aliyoivaa ni ileile iliyoiteka Tetu. Lakini siku ya Colito hakuwa akilinda shamba la mtu. Alikuwa akiwaokoa wenzake, wengi wao Waafrika wa Tanganyika na jirani zao, wasikanyagwe na vifaru, na alilipia kazi hiyo kwa uhai wake. Waliokuwa naye walilijua hilo bila kusubiri gazeti la serikali.

Jina lake limechorwa kwenye mnara wa kumbukumbu ulio katika makaburi ya vita kando ya Barabara ya Ngong, jijini Nairobi, pamoja na ya wengine wasio na makaburi. Yeyote anaweza kwenda kulisoma. Sajini meja aliyekwenda naye kuviotea vifaru, na askari wale wawili, wangali katika taarifa yake ya nishani kama walivyoandikwa mwaka 1945: watu watatu, bila majina.